Tupeane uzoefu: mbegu za F1, nyuki wanaopungua na vifaa vya kisasa bustanini

Mwenye uzi

Wakuu, salaam. Kila msimu wa matikiti na matango lawama ni zile zile: maua yanapukutika, tunda linanenepa upande mmoja na kusinyaa upande wa pili, kisha anatafutwa mchawi. Huyu anasema ni mbegu za F1, yule anasema minara ya simu imewamaliza nyuki, wa tatu ana kifaa cha umeme anakiuza. Tupeane uzoefu wa kazi hapa, simulizi za maisha tuziache kwa leo. Lete kipimo, hatua, na kinachoharibika kinaharibika kwa nini.

Mama Kitalu

Nianze na mbegu, maana ndiko uongo ulikojaa.

F1 ni kizazi cha kwanza cha wazazi wawili tofauti, kila mmoja akiwa ametunzwa peke yake vizazi kadhaa hadi akatulia. Uchotara wenyewe haumdhuru nyuki. Ile rangi ya waridi au bluu juu ya mbegu ni dawa iliyopakwa kiwandani, na mbegu zisizo chotara nazo hupakwa, kwa hiyo soma pakiti. Kinachobadilika kwenye chotara ni ua, na hapo ndipo watu hununua pakiti isiyowafaa.

Chukua matango. Lipo la kawaida lenye maua dume na jike kwenye mche mmoja. Maua dume hutangulia, kwa hiyo yakidondoka yote wiki ya kwanza usihangaike. Lipo chotara linalotoa karibu maua jike matupu. Hilo huuzwa likiwa limechanganywa na mbegu za mche wa kutoa chavua, kiasi cha asilimia 10 hadi 15, mara nyingi zimepakwa rangi tofauti. Ukichagua mbegu "nzuri" za rangi moja ukatupa zile nyingine, umejinyima chavua kwa mikono yako. La tatu linazaa bila kuchavushwa kabisa, ndilo la kwenye kitalu nyumba. Hili nyuki akiingia na chavua ya nje, tunda hujaa mbegu na kuvimba mwishoni. Basi usipande la tatu jirani na la kwanza bila wavu.

Pwani Kijani

Kwenye matikiti mambo ni magumu zaidi. Ua jike lina kitikiti kidogo chini yake, na hufunguka asubuhi moja tu. Mchana likishafunga, basi. Nyuki mmoja kupita mara moja hakutoshi. Ua linahitaji kutembelewa mara nane au zaidi ili tunda lijae pande zote. Ncha ya ua jike imegawanyika sehemu tatu. Sehemu moja ikikosa chavua, mbegu za upande ule hazikui, na nyama inayozizunguka haikui. Upande uliosinyaa umetoka hapo, si kwenye mbolea.

Tikiti lisilo na mbegu ni hadithi nyingine. Chavua yake yenyewe haifai kitu. Lazima upande tikiti lenye mbegu katikati yake, mche mmoja kwa kila miche mitatu, na lichanue wakati ule ule. Chagua lenye ganda la rangi tofauti, la sivyo siku ya kuvuna hujui lipi ni lipi. Kuotesha kwake kunataka joto la nyuzi 28 hadi 32 na udongo usiolowa chepechepe. Ukimwagia sana, kiini huoza kabla hakijatoka kwenye ganda. Ncha kali ya mbegu ielekezwe juu, ganda lidondoke kwa urahisi mche unapochomoza.

Kuchavusha kwa mkono: saa 12 hadi saa 3 asubuhi, chuma ua dume lililofunguka siku hiyo hiyo, vua petali, sugua kwenye sehemu zote tatu za ua jike. Dume moja majike mawili, si zaidi. Funga uzi wa rangi kwenye kikonyo ukiandika tarehe. Utakusaidia kujua siku ya kuvuna.

Kijana wa Saketi

Mkuu, nikivuna F1 nikakausha mbegu zake nipande msimu ujao?

Mama Kitalu

Zitaota, mwanangu, lakini sifa za wazazi wawili hutawanyika: hili tamu, lile jeupe ndani, jingine linapasuka. Ukitaka kutunza mbegu panda Sugar Baby kwa tikiti, au Tengeru 97 kwa nyanya. Hizo si chotara. Kwa tikiti, lifunike ua jike kwa kitambaa chepesi jioni kabla halijafunguka, uchavushe asubuhi kwa dume la aina ile ile ambalo nalo lilifunikwa, kisha ulifunike tena hadi lisinyae. Bila hivyo nyuki atakuletea chavua ya jirani.

Rehani na Asumini

Niongezee upande wa maua ya mapambo, maana watu hupanda "bustani ya nyuki" ambayo nyuki anaipita.

Alizeti za shada zilizozalishwa zisichafue kitambaa cha mezani hazina chavua kabisa. Mbochi (maji matamu ya ua) zinayo, ila majana (watoto wa nyuki) hulishwa chavua, hayakui kwa mbochi tupu. Hata hivyo msiwalaumu chotara wote: alizeti chotara za mafuta zina chavua kama kawaida, kwa sababu mkulima wake anataka mbegu. Ukiwa na shaka, gusa ua lililokomaa kwa kidole. Kidole kikibaki kisafi, huyo ni wa chombo cha maua tu.

Kundi la pili ni maua yenye petali tabaka kwa tabaka, hasa dalia na zinia. Petali nyingi pale zimechukua nafasi ya sehemu za kutoa chavua, na zilizobaki zinaziba njia. Nunua zenye duara moja la petali na kitovu kilicho wazi.

Cha bei rahisi kuliko vyote: acha mashina machache ya mrehani na giligilani yachanue. Mkulima wa mboga hung'oa giligilani pindi inapoanza kupanda juu. Bakiza mita moja ya mstari.

Fundi Mzinga

Naomba tutenganishe mambo mawili. Makundi ya nyuki kutoweka ghafla mzinga ukiwa na malkia na asali lilikuwa tatizo la Marekani, lilianza kusikika sana mwaka 2006. Hadithi ya simu ikafuata 2007: magazeti ya Uingereza yalikuza jaribio dogo la chuo kimoja cha Ujerumani, ambako vitako vya simu za mezani zisizo na waya viliwekwa ndani ya mizinga. Halikuwa jaribio la simu za mkononi wala minara. Watafiti wenyewe waliikana ile tafsiri, lakini mpaka leo inazunguka kwenye magrupu.

Kwetu utitiri wa varoa, kidudu kinachowanyonya nyuki, ulionekana Kenya na Tanzania mwaka 2009. Nyuki wa Kiafrika wanaishi nao bila ule msiba wa Ulaya na Marekani. Kinachomaliza nyuki huku ni moto wa kurina asali, miti inayochomwa mkaa, na dawa zinazopulizwa kwenye maua saa tatu asubuhi. La mwisho ndilo lililo mkononi mwetu sisi wa bustani.

Dawa zenye imidacloprid, thiamethoxam na clothianidin hunyonywa na mmea mzima, hadi kwenye chavua na mbochi. Ukimwagia kwenye shina wiki mbili kabla ya kuchanua, ua litakuwa nayo hata kama hukulipulizia. Umoja wa Ulaya ulizibana mwaka 2013, na 2018 ukapiga marufuku kuzitumia nje ya vitalu nyumba vya kudumu. Dukani hazisemwi kwa majina hayo. Geuza chupa usome maandishi madogo ya kiambata amilifu, si jina kubwa la mbele.

Kanuni za kupuliza:

- Matikiti, matango na maboga: baada ya saa 11 jioni, maua yakiwa yamefunga.
- Ya unga ni mbaya kuliko ya maji. Unga hung'ang'ania manyoya ya nyuki pamoja na chavua, unabebwa hadi kwenye masega.
- Viwavi: tumia ile ya bakteria wa Bt. Nyuki haimdhuru, lakini ipulizwe jioni kwa sababu jua huiharibu upesi.
- Magugu yanayochanua chini ya mazao yafyeke kwanza. Nyuki wengi hufia hapo, wala si kwenye zao.

Bwana Nyanya

Nyanya ni kesi tofauti. Ua lake linajichavusha lenyewe, lakini chavua imefungiwa ndani ya mirija na haitoki bila kutikiswa. Nje upepo unatosha. Ndani ya kitalu nyumba upepo haupo, na nyuki wa asali hajui kutetemesha ua. Wale nyuki wanono wa Ulaya wanaouzwa kwa maboksi kwa kazi hii si wenyeji wa huku, kuwaleta ni kujitafutia balaa.

Hapo ndipo mswaki wa umeme unapoingia. Kwa Anna F1 au nyanya yoyote inayopanda juu ya kamba: kati ya saa 4 asubuhi na saa 8 mchana, gusisha mgongo wa mswaki kwenye kikonyo cha shada, nyuma ya maua, sekunde moja au mbili. Usiguse ua lenyewe. Alama ya mguso huonekana kwenye tunda. Rudia kila baada ya siku mbili, maana maua ya shada moja hayafunguki pamoja.

Ukiona mawingu madogo ya njano yakidondoka, umepata. Usipoona, angalia hewa. Unyevu ukizidi asilimia 80 chavua hunata. Ukiwa chini ya 50 hukauka isishike. Joto likipita nyuzi 32, fungua pande zote, kwa sababu chavua yenyewe hufa na mswaki hauwezi kuifufua.

Pwani Kijani

Mswaki ni starehe, ndugu yangu. Gonga waya wa juu kwa fimbo, mistari yote inatikisika.

Bwana Nyanya

Kwa kitalu cha mita 8 kwa 30 nakubaliana nawe, piga waya, hutamaliza kwa mswaki. Ila waya hautikisi vizuri siku za mawingu, na shada la chini lililolazwa halipati kitu. Kwa miche thelathini ya nyuma ya nyumba mswaki unashinda.

Kijana wa Saketi

Sasa vifaa, huku ndiko ninakofanyia kazi. Niseme wazi, vingi ni pesa ya bure.

Kipimo cha udongo chenye miguu miwili au mitatu kisicho na betri, kinachodai kupima unyevu, tindikali na mwanga: kinasoma umeme mdogo unaozalishwa na metali mbili tofauti ndani ya udongo. Ukitia mbolea ya chumvichumvi sindano inapanda ingawa udongo umekauka. Upande wa tindikali usiuamini hata kidogo.

Kihisi cha unyevu cha kuunganisha na saketi: kile chenye miguu miwili ya metali iliyo wazi huliwa na kutu ndani ya wiki chache. Nunua cha bapa moja lililofunikwa rangi. Kingo zake hazijazibwa, maji huingia pembeni, kwa hiyo paka rangi ya kucha tabaka mbili ukingoni na juu ya vipande vya elektroniki. Kisha soma namba kikiwa hewani na kikiwa ndani ya glasi ya maji hadi kwenye mstari. Mipaka yako ni hizo mbili, za mtandaoni hazikuhusu.

Kipima joto na unyevu hewani, kile kidogo cha skrini: hiki nunua. Kikague kwanza. Kijiko cha chumvi ndani ya kifuniko cha chupa, matone ya maji iwe uji mzito, funga pamoja na kifaa kwenye mfuko usiopitisha hewa, kwa muda wa saa 12. Kinapaswa kusoma 75. Kikisoma 69, kila mara ongeza 6.

Vifaa vya sauti isiyosikika vya kufukuza wadudu: mamlaka ya biashara ya Marekani iliwaonya watengenezaji na wauzaji zaidi ya sitini mwaka 2001 kwamba madai yao yawe na ushahidi. Bado vinauzwa.

Taa ya buluu inayounguza wadudu ndiyo mbaya zaidi. Utafiti wa Chuo Kikuu cha Delaware uliochapishwa 1996 ulihesabu wadudu 13,789 waliouawa. Waliokuwa wa kuuma ni 31 tu. Waliobaki walikuwemo wanaokula wadudu waharibifu na wale wanaochavusha usiku. Mbu inamwacha, rafiki zako inawachoma.

Fundi Mzinga

Kijana kasema kweli. Vihisi vya mzinga vya bei kubwa navyo tuviweke hapo hapo. Kinachokusaidia ni mizani ya kidijitali ya kupimia mizigo ya safari. Nasa ukingo wa mzinga upande mmoja, inua kidogo tu uachane na kiti, soma, zidisha kwa mbili. Fanya jioni nyuki wakiwa wamerudi, kila wiki. Mzinga unaoshuka wiki tatu mfululizo na maua yapo, fungua ukague nondo wa nta na siafu. Na ukute ni wa viunzi vya juu (vile vijiti ambavyo nyuki huning'iniza masega), upana wa kila kiunzi uwe milimita 32. Vikiwa vipana kuliko hapo nyuki wetu hujenga masega mawili yaliyoungana na kipimo chako hakina maana.

Cha pili ni taa ya kichwani yenye mwanga mwekundu. Nyuki haoni wekundu. Kwa taa nyeupe usiku wanairukia moja kwa moja usoni.

Rehani na Asumini

Wenye pasheni ya njano msisahau: haijichavushi yenyewe, na shina moja pekee halizai hata nyuki wakijaa. Panda mashina mawili yaliyotokana na mbegu tofauti. Ua hufunguka karibu saa 6 mchana, wakati la pasheni ya zambarau linafunga. Mchavushaji wake ni yule nyuki mkubwa mweusi anayetoboa mbao. Nyuki wa asali ni mdogo, anaiba chavua bila kugusa ncha ya ua. Mwachieni gogo kavu la mti laini chini ya kivuli, msilipake rangi wala mafuta machafu.

Mwenye uzi

Fundi, hiyo taa nyekundu: karatasi nyekundu ya pipi juu ya tochi ya simu haitoshi?

Fundi Mzinga

Moja haitoshi. Weka tabaka mbili au tatu, na funga kingo kwa gundi ya karatasi kwa sababu mweupe huvuja pembeni. Kisha mulika kitambaa cha bluu gizani. Kikionekana cheusi, twende kazini. Bluu ikionekana bado, ongeza tabaka.