Mrejesho: darasa langu la kisomo, Kibirizi, Kigoma

Wakuu, narudi kama nilivyoahidi. Niliwauliza nifanyeje: wavuvi hawaonekani wiki nzima, wazee wawili wanajibu kila swali, kina mama kimya.

Aliyesema nifuate mwezi badala ya kalenda, Mungu akubariki sana. Wavuvi wa dagaa huingia ziwani na taa zao usiku wa giza. Mbalamwezi ikiwaka wanapumzika. Masomo mazito nayaweka siku hizo, na waliokuwa watoro sasa wanafika kabla yangu.

Hesabu tunafanyia kwenye madaftari yao ya mauzo, ambayo wengi huandikiwa na watoto wao. Mama mmoja, kidole kikiwa kwenye mstari, aligundua kuna mteja hajamlipa ndoo mbili. Alinyamaza kidogo, kisha akausoma kwa sauti mbele ya wote. Sikuwahi kumsikia darasani kabla ya hapo.

Makundi ya wanne yamefaulu nusu. Nilimweka mzee na mkwewe wa kike pamoja, wakainamisha vichwa hadi kipindi kikaisha. Kosa langu, sikuuliza. Sasa wanajipanga wenyewe.

Simu bado zimenishinda. Wateja wanapiga, na ndiyo riziki yao.

Asanteni sana, hasa dada wa Urambo.