Simu haina tundu la iafoni, nina IEM (iafoni za kuzama ndani ya sikio) nzuri: ninunue amplifaya, pleya au nini?

kijana_wa_tabata

Wakuu habari za muda huu, naombeni mawazo kabla sijatoa hela maana hela yenyewe ya kuunga unga. Nina Moondrop Aria, ile ya 2021 yenye waya wa kuchomoa, nilikuwa natumia na simu yangu ya zamani iliyokuwa na tundu la iafoni na zilikuwa zinalia fresh tu. Sasa nimebadilisha simu, hii mpya haina tundu, ni Type C basi. Nikaenda Kariakoo nikachukua kale kaadapta ka buku tano, kuchomeka, kimyaaa, simu haioni kitu chochote.

Katika kuuliza uliza kuna jamaa anauza pleya mtumba, ina tundu la milimita 3.5 na lile nene la 4.4, anataka laki nne na nusu, anasema IEM bila amplifaya "hazifunguki" na kwamba simu zinabana besi. Mwingine ananishauri amplifaya ndogo ya kubandika nyuma ya simu. Halafu nina mpango wa kuongeza Letshuoer S12, zile za plana (kitoa sauti chake ndani ni bapa), nasikia hizo ndo zinakula umeme balaa.

Nasikiliza sana rhumba, zilipendwa za Mlimani Park na Msondo, Bongo Fleva kiasi, na karibu zote ni mafaili yangu mwenyewe. Asubuhi na jioni niko kwenye daladala, usiku nasikilizia kitandani. Bajeti mwisho laki tano na ningefurahi ikibaki chenji. Nifanyeje?

Besi_Kavu

Anakupiga huyo mkuu. Laki nne na nusu kwa ajili ya Aria?? Tafuta adapta ya maana, inayobaki kula kuku.

fundi_redio

Tuanze na hako kaadapta. Nyingi za bei hiyo ndani ni waya mtupu, hazina DAC (chipu ya kugeuza dijitali kuwa sauti), zinategemea simu yenyewe itoe sauti ya analogi kwenye Type C na simu nyingi za sasa hazitoi, ndo maana imekaa kimya. Wewe unataka adapta yenye chipu ndani, hiyo inapokea dijitali, inageuza kuwa sauti, na inaikuza humohumo. Kwa hiyo hiyo amplifaya unayoambiwa ukanunue tayari imo kwenye kitu cha ukubwa wa kidole.

Sasa njoo kwenye hesabu, si ngumu. Aria zimeandikwa ohm 32 (upinzani wa umeme) na desibeli 122 kwa volti moja. Yaani ukizipa volti 1 zinapiga 122, hapo huna masikio tena. WHO wanakwambia mtu mzima desibeli 80 asizidishe masaa 40 kwa wiki. Kuifikisha Aria kwenye 80 unahitaji kama volti 0.008 hivi, na hata ukiacha nafasi ya desibeli 20 juu kwa ajili ya ngoma na tarumbeta zinazoruka ghafla bado hujavuka 0.1. Adapta ya Apple ya Type C, ambayo kwao Marekani inauzwa dola 9, inatoa karibu volti 1. Unaona mwenyewe.

S12 wameandika ohm 16 na desibeli 102, watu wakiona 102 dhidi ya 122 wanasema eh hii ngumu kuiendesha. Ila ile 102 ni kwa miliwati, ya Aria ni kwa volti, vipimo viwili tofauti. Volti 1 kwenye ohm 16 ni miliwati 62 na kidogo, hiyo inaongeza desibeli 18, kwa hiyo kwa volti moja S12 iko kama 120. Tofauti na Aria ni desibeli mbili tu! Kweli zinavuta mkondo zaidi kwa sababu ya hizo ohm 16 lakini kwa sauti ya kawaida ya binadamu adapta yoyote ya maana inatosha na chenji inarudi.

Habari ya "kufunguka" hiyo ilitoka kwa wenye hedifoni kubwa za ohm 300 na 600, huko ni kweli volti zinahitajika. Kwenye IEM shida inageuka, nguvu ikizidi ndo unaanza kusikia shiii ya amplifaya yenyewe, na ukigusa volumu hatua moja inaruka kutoka ndogo hadi kelele. Unataka kujua kifaa kina shiii au hakina? Usiku chumba kikiwa kimya vaa IEM, anzisha wimbo halafu bonyeza pozi, sikiliza zile sekunde chache za mwanzo kabla chipu haijajizima. Kama ni msafi utasikia pumzi zako tu.

Kitu cha pili ni impidansi (zile ohm) ya tundu lenyewe, wauzaji wengi hawaitaji kabisa. Kanuni inayotumika ni isizidi moja ya nane ya ile ya iafoni. Kuna IEM zenye drayva (vitoa sauti) nyingi ndogo ndani ambazo ohm zake zinapanda na kushuka kulingana na noti, mfano sehemu moja 10 na sehemu nyingine 40. Ukizichomeka kwenye tundu lenye ohm 10, zile noti za ohm 10 zinapoteza desibeli 6, za ohm 40 zinapoteza 2 tu, kwa hiyo wimbo mzima umebadilika sura kwa desibeli 4, na mtu anakwambia "amplifaya hii ina joto". Tundu la ohm 1 tofauti hiyo inashuka hadi kama nusu desibeli. Aria yako ina drayva moja na S12 ni plana, ohm zao karibu zimelala, kwa hiyo hili halikuhusu sana, labda siku ukiota ndoto ya Campfire Andromeda, zile ni ohm 12.8 na zinasikia kila uchafu.

Angalizo: adapta ya Apple kwenye Android nyingi sauti inatoka ndogo, kwa sababu volumu ya ndani ya adapta haifunguki yote. Programu ya USB Audio Player Pro inaifungua, kwa wimbo wa YouTube haisaidii. Pia angalia namba, A2155 ya Ulaya inatoa nusu volti. Kwa Aria hata nusu volti inatosha ila ukiunganisha na hilo tatizo la Android utalalamika. Kama hutaki usumbufu chukua za kina FiiO au Moondrop zilizotengenezwa kwa ajili ya Android.

mzanzibari_maskati

Assalaam alaykum. Fundi kasema kweli tupu lakini mie naona mnamkatisha kijana tamaa na pleya bure. Mie nipo Maskati natumia Sony NW-A306, ya 2023, na wala sikuinunua kwa sauti. Simu yangu ni ya kazi, inalia kutwa, kila ukikaa usikilize kidogo mara meseji mara mtu wa dukani. Kile kitu hakina laini, hakuna anayekutafuta humo. Na ina nafasi ya memori kadi, simu nyingi mpya wameziondoa. Nina taarabu za vikundi vya Culture na Ikhwani Safaa, za kaseti nilizozigeuza mwenyewe, nyimbo moja dakika kumi na tano, mwanzo fidla na kanuni, ile ala ya nyuzi, zinazungumza wee mpaka mwimbaji aingie unakuwa ushasahau dunia. Sasa hapo katikati iingie simu ya fundi bomba!

Ila ya mtumba iangalie vizuri. Betri zake hazitoki kwa mkono, mwambie akuachie ukae nayo inaimba saa nzima uone asilimia zimeshuka ngapi. Muulize imetoka nchi gani, za soko la Ulaya zimefungwa volumu. Tikisa pini ndani ya tundu, ikikatakata upande mmoja muachie mwenyewe. Na uangalie Android yake ya miaka gani, nyengine programu mpya hazikubali tena.

mids_za_nairobi

Maze hiyo 4.4 isikudanganye. Ni kweli ile ya balansi (kila sikio na waya wake wa kurudi) inatoa mpaka mara mbili ya volti za 3.5, lakini tumeshaona hapo juu huhitaji hata hiyo moja. Na waya wako wa sasa ni wa 3.5, itabidi ununue mwingine. Usije ukachukua kiadapta cha kugeuza pini ya 3.5 iingie kwa tundu la 4.4, hapo unaunganisha zile nyaya mbili za kurudi ambazo kwa balansi zinafaa kukaa mbalimbali, unaweza ukaunguza amplifaya. Kinyume chake, waya wa 4.4 kwenda tundu la 3.5, haina shida.

Ukienda kuijaribu hiyo pleya beba simu na adapta ya kuazima, wimbo uleule, na uhakikishe zinalia sawa kwa sauti. Iliyo juu hata kidogo tu itaonekana ndio tamu, besi imejaa, kila kitu. Wauzaji wanajua hii kitu. Kama unaweza mtu akubadilishie bila wewe kuona, afadhali.

Mahali sikubaliani na fundi ni hapo kwa kusafiri. Kwa matatu umesimama, mkono mmoja juu, adapta inaning'inia kwa simu mfukoni, ukisukumwa kidogo tundu la Type C linachoka na hilo ndilo unachajia. Mimi kwa hiyo sababu niko na Qudelix 5K, kidude chenye DAC na amplifaya ndani, unaifunga kwa shati, simu inabaki ndani ya bag, inatumia Bluetooth ya LDAC (mfumo wa kupitisha sauti ya ubora wa juu) inayofika 990 kbps, sitakudanganya eti nasikia tofauti na waya nikiwa ndani ya matatu ya Rongai. Na ina ikwalaiza (ya kuongeza ama kupunguza besi na sauti nyingine) inayokaa ndani ya kifaa chenyewe, ukishusha ama ukipandisha mahali inashika kwa simu yoyote. Kusema ukweli desibeli tatu za ikwalaiza zitabadilisha Aria yako kuliko amplifaya kumi.

fundi_redio

Hapo kwenye tundu la kuchajia nakubali. Ukienda na adapta basi tafuta yenye kijiwaya kifupi kinachopinda, zile ngumu za kipande kimoja ndo zinang'oa.

kinanda_mwanza

Samahani naingilia, mimi napiga kinanda kanisani, tunataka kutumia IEM badala ya spika za chini maana mpiga drama anatuua. Haya ya adapta yananihusu?

fundi_redio

Hapana wewe ni mwingine, wewe unatoka kwenye miksa kwa waya mrefu. Tafuta kiamplifaya kama Behringer P2, unakifunga kiunoni, kinatumia betri mbili ndogo za AAA, unaingiza waya wa XLR kutoka tundu la AUX (njia ya pembeni ya kutoa sauti) la miksa. Lazima uwe na AUX yako peke yako la sivyo utasikia anachotaka mtu wa mitambo. Na kabla ya kuvaa rudisha volumu hadi sifuri, mtu akichomoa maikrofoni bila kuzima huo mlio unakuja moja kwa moja kwenye ngoma ya sikio. Mengine ya jukwaani anzisha uzi wako tutakuja.

kijana_wa_tabata

Asanteni sana wakuu. Pleya ya laki nne na nusu nimemwambia jamaa hapana, akashuka mpaka tatu na themanini ndani ya dakika mbili, nikajua kumbe. Kwa daladala naona hiyo ya Bluetooth ya kufunga shati inanikaa zaidi, na usiku naichomeka kwa waya. Swali la mwisho, simu yangu bahati nzuri ina nafasi ya kadi, nyimbo nyingi ni FLAC (mafaili yasiyopunguzwa ubora), GB 128 inatosha?

mids_za_nairobi

Albamu moja ya FLAC ya kiwango cha CD weka kama MB 300, kwa hiyo ni albamu mia nne na zaidi. Inatosha. Lakini nunua duka unaloliamini na uijaze yote siku hiyohiyo kisha ufungue faili za mwisho mwisho, hizo feki zinaandika 128 na ndani ni 8.

mzanzibari_maskati

Na vimpira vya masikio kijana, badilisha saizi kabla hujalaumu besi. Upande wangu wa kushoto ni mkubwa kuliko wa kulia, navaa viwili tofauti.