Mjadala: Binti mwenye ulemavu wa akili, nani aamue aolewe au azae?

Hoja: Hapa Arua, Uganda, wapo wazazi wanaompeleka binti kama huyo kuchomwa sindano ya uzazi wa mpango bila kumwuliza, na posa yake wakaikataa. Je, ni sawa?

Mzee wa ukoo: Ni sawa. Katiba, kifungu cha 31, inaruhusu ndoa kuanzia miaka 18, lakini kwa hiari ya wote wawili. Hiari ipi kwa asiyejua mahari ni nini? Sheria ya kusajili ndoa za kimila ya 1973 nayo inaibatilisha ndoa ya asiye na akili timamu. Na mtoto akizaliwa, atalelewa na bibi.

Mkunga: Shikamoo mzee. Sindano ile huzuia mimba kwa miezi 3. Haizuii Ukimwi, haizuii kaswende, wala haimzuii jirani mwenye nia mbaya. Huyo akishajua hakuna mimba ya kumuumbua, atarudi tena na tena. Mkimchoma binti kwa siri, aliyefichwa ni mhalifu.

Afundishwe. Viungo vitajwe kwa majina yake, kwa picha, jambo moja kila kikao. Usimwulize "umeelewa?" maana atajibu ndiyo ili akuridhishe. Mwulize, mama akiwa nje: "Sindano hii inafanya nini? Ukiiacha, nini kitatokea?" Asipojibu leo, rudia kesho kwa maneno mepesi zaidi. Na akisema hataki, hataki.

Wakili: Mzee, sheria hiyo ipo kweli, na msajili wa ndoa anaweza kuishika akawarudisha wachumba bila kuwasajili. Ndiyo maana nataka ibadilishwe. Uganda iliridhia Mkataba wa Umoja wa Mataifa wa Haki za Watu Wenye Ulemavu mwaka 2008. Kifungu cha 12 kinataka mtu asaidiwe kuamua, cha 23 kinamlindia ndoa, watoto na uwezo wake wa kuzaa. Kuwa mzito wa kujifunza si kukosa akili timamu. Anayemjua mchumba wake, na anajua anaweza kumkataa, ana hiari.

Mzee wa ukoo: Hiari nimekubali. Mtoto je?

Mkunga: Kifungu hichohicho cha 23 kinakataza kumnyang'anya mzazi mtoto kwa sababu ya ulemavu tu, na kinaitaka serikali imsaidie kulea. Nyumbani, bandikeni ukutani picha za zamu za kunyonyesha, 8 au zaidi kwa siku, na picha ya mtoto mwenye homa ikielekeza kituo cha afya. Bibi asimamie, asimpokonye.