Baiskeli ya umeme ya milimani yenye mota kubwa: je, itazifaa njia za Usambara?

Mwenyeji wa Soni ameuliza:

Ndugu zangu, nawasalimu nyote. Mimi ninaishi Soni, wilayani Lushoto, na kazi yangu ni kuwaongoza wageni wanaozunguka milima ya Usambara kwa baiskeli, kuanzia msitu wa Magamba hadi Mtae, pale ambapo mlima unakatika ghafla na nyika ya Mkomazi inaonekana yote chini. Kazi hii naipenda sana na sina nia ya kuiacha, lakini magoti yangu hayahimili tena miinuko ya siku nzima kama zamani, na daktari amenishauri nipunguze kukanyaga kwa nguvu.

Shemeji yangu anayeishi karibu na Stuttgart anataka kuniuzia baiskeli yake ya umeme ya milimani ya mwaka 2021. Ina mota ya Bosch Performance Line CX, betri ya wati-saa 625 (yaani kiasi cha umeme inachobeba), shokapu za mbele na nyuma zinazoweza kubonyea kwa milimita 150, na uzito wake ni kilo 24 hivi. Rafiki mwingine ananiambia niachane na mzigo huo, nitafute zile nyepesi zenye mota ndogo. Ninachotaka kujua kwanza ni kama betri hiyo inaweza kunipandisha kutoka Mombo hadi Lushoto bila kuniacha njiani. Pili, naomba mwenye uzoefu anieleze jinsi ya kuiandaa na kuitunza katika mazingira yetu, kwa maana wakati wa masika udongo wetu mwekundu hunata kila mahali, na hapa jirani sijapata fundi aliyewahi kuifungua mota ya aina hiyo.

Mpandaji wa Stuttgart amejibu:

Kaka, swali lako la betri lina jibu linaloweza kupigiwa hesabu, kwa hiyo nitaanza nalo. Mombo ipo kwenye mwinuko wa mita 400 hivi juu ya usawa wa bahari na Lushoto ipo kwenye mita 1400 hivi, maana yake unapanda kama mita 1000 katika barabara ya takriban kilomita 33. Tuseme wewe, baiskeli na mzigo wa mgongoni kwa pamoja mna kilo 110. Kuinua kilo 110 kwa mita 1000 kunahitaji takriban wati-saa 300, kisha ongeza zinazoliwa na msuguano wa matairi na upepo, ufike kama 430. Sehemu ya kazi hiyo unaifanya wewe mwenyewe kwa miguu, na nyingine inafanywa na mota, ambayo nayo hupoteza kiasi fulani cha umeme kwa joto.

Mota hiyo ya CX ya mwaka 2021 ina ngazi nne za msaada. Ngazi ya chini kabisa, Eco, huongeza asilimia 60 ya nguvu unayokanyaga, Tour huongeza asilimia 140, eMTB hupanda na kushuka yenyewe kati ya asilimia 140 na 340 kulingana na unavyokanyaga, na Turbo hutoa asilimia 340 moja kwa moja. Kwa hesabu yangu, ukipanda kwa Eco utatumia kama wati-saa 200, na ukipanda kwa Turbo tangu Mombo utatumia zaidi ya 400. Kwa vyovyote vile, betri nzima ya 625 itakufikisha Lushoto. Ila ukitumia Turbo usitegemee kuendelea siku hiyohiyo hadi Mtae, na ukumbuke kwamba betri iliyozeeka haina tena zile 625 zilizoandikwa ubavuni mwake.

Kuhusu mota kubwa au ndogo, mimi nakushauri kubwa bila kusita, na sababu yangu ni magoti yako. Mota ya CX hutoa nguvu ya mzunguko ya niutoni-mita 85, wakati mota nyepesi kama TQ HPR50 hutoa 50 na kwa kawaida hufungwa pamoja na betri ya wati-saa 360. Ile nyepesi imekusudiwa kwa mtu mwenye miguu mizima anayetaka kusaidiwa kidogo huku baiskeli ikibaki na tabia ya baiskeli ya kawaida. Kwenye mwinuko mkali wenye mawe, mota ndogo bado inakudai ukanyage kwa nguvu, na hilo ndilo daktari wako amelikataza. Sheria ya Umoja wa Ulaya huweka wati 250 za mfululizo kwa zote mbili na kuzikata zinapofika kilomita 25 kwa saa, lakini wati hizo 250 zisikupotoshe: kwa dakika chache mlimani, mota kubwa hutoa zaidi ya mara mbili ya kiasi hicho.

Sasa nisikilize kwa makini kuhusu betri, kwa sababu hapo ndipo ununuzi wako unaposimama. Baiskeli ya 2021 yenye betri ya 625 ni ya mfumo wa zamani wa Bosch. Mfumo mpya uliotoka baada yake una betri za 750 na 800, na hizo haziingiliani kabisa na za zamani, hata ukilazimisha umbo likae. Betri na mota huwasiliana kwa elektroniki, na mota huikataa betri isiyoitambua. Kabla hujatoa hata senti, mwambie shemeji yako aipeleke baiskeli kwa wakala anayehudumia mota hizo, aombe ripoti ya uchunguzi. Ripoti hiyo huonyesha jumla ya kilomita na idadi ya mizunguko kamili ya chaji ambayo betri imepitia, na wakala mwenye kifaa cha kupimia anaweza pia kueleza ni uwezo kiasi gani uliosalia. Baiskeli inaweza kung'aa kama imetoka dukani jana na betri yake ikawa imechoka.

Fundi wa Kijenge, Arusha amejibu:

Nakubaliana na aliyetangulia, nami nitaongeza yale ya mikono. Mota ikishakuwa kubwa, kila kitu kilichoizunguka hubeba kazi zaidi, na watu wengi hutazama mota wakasahau vingine.

Anza na shokapu. Kwenye nguzo ya shokapu kuna kipete cha mpira mweusi. Vaa nguo zako za safari na begi lenye maji, mtu akushikie baiskeli, sukuma kipete hadi kwenye sili (mpira unaozuia uchafu pale nguzo inapoingia), kaa taratibu bila kurukaruka, kisha shuka na upime kimesogea kiasi gani. Nyuma kinapaswa kusogea karibu asilimia 30 ya mwendo wa nguzo, kwa mfano milimita 18 kwa shokapu yenye nguzo ya milimita 60. Mbele asilimia 20 inatosha, yaani milimita 30 kwa shokapu yako ya 150. Kikizidi, ongeza upepo kwa pampu maalumu ya shokapu, kwa sababu pampu ya kawaida ya matairi haina shinikizo la kutosha. Mwenye baiskeli wa kwanza alikuwa na uzito wake na wewe una wako, kwa hiyo kipimo chake hakikuhusu.

Matairi yawe mazito, hasa la nyuma, na yasiwe na tyubu. Tumia maji ya kuziba pancha, kwa sababu miiba ya nyika ya Mombo haina huruma, na uyaongeze kila baada ya miezi michache maana joto huyakausha. Kwa mtu wa kilo 80, anza na psi 23 mbele na 26 nyuma, kisha upunguze au uongeze kidogokidogo kulingana na njia.

Breki ndizo zinazonifanya niandike kirefu. Kupanda kutoka Mombo ni kazi ya mota, lakini kushuka ni kazi ya breki peke yake, na unashusha kilo 110 kwa mita 1000 huku malori na mabasi yakipita kwenye kona zilezile. Hakikisha diski zina kipenyo cha milimita 200 au zaidi na kila breki ina pistoni nne. Weka brekipedi za chuma, kwa kuwa zinastahimili joto na matope kuliko zile laini. Usizishikilie breki mfululizo kilomita nzima, bali zibane kwa nguvu kabla ya kona, kisha uziachie zipoe. Brekipedi ikibaki na unene chini ya milimita moja, ibadilishe siku hiyohiyo.

Mnyororo wa mota kubwa huisha haraka. Nunua kipimo cha mnyororo, na ukionyesha urefu umeongezeka kwa asilimia 0.5, utoe kabla haujala kaseti ya gia, kwa maana kaseti ya gia 12 ni ghali na kuipata huku ni safari. Badilisha gia kabla ya mwinuko, na unapobadilisha legeza mguu nusu mzunguko. Mota ikisukuma kwa nguvu zote wakati mnyororo unahama, utausikia ukipiga kama jiwe limevunjika, na siku moja utakatika kweli.

Kuhusu udongo wenu: usioshe kwa mashine ya maji ya shinikizo. Maji hayo hupenya kwenye beringi za mota na viungo vya fremu, na madhara yake huonekana miezi baadaye. Ndoo, brashi laini na subira vinatosha. Jambo la mwisho ni sumaku ndogo kwenye gurudumu la nyuma, inayoambia mota kasi yako. Matope au kijiti kikiisogeza, mota itakata na kioo kitaonyesha kosa namba 503. Wengi hudhani mota imekufa, kumbe ni sumaku ya kurudishwa mahali pake kwa vidole.

Dada wa Ngong amejibu:

Ninaendesha baiskeli ya mota kubwa kwenye vilima vya Ngong, na ningependa kugusia maisha ya kila siku, ambayo hayazungumzwi sana. Umeme wa kuchajia haupaswi kukupa hofu. Betri ya 625 hula chini ya yuniti moja ya umeme kuanzia tupu hadi kujaa, na chaja ya kawaida ya ampea nne huijaza kwa saa tano hivi. Umeme ukikatika katikati ya chaji, betri haidhuriki, utaendelea ukirudi. Ukitumia umeme wa jua, hakikisha inveta yako inatoa mawimbi safi na ina uwezo wa wati 300 au zaidi. Usiiache betri juani ndani ya gari, wala usiihifadhi ikiwa imejaa au tupu kwa wiki nyingi. Msimu usio na wageni, iache kati ya asilimia 30 na 60 mahali pakavu penye ubaridi.

Kilo 24 si uzito wa kupuuza. Kuipandisha kwenye pikapu peke yako ni kuutafuta mgongo, kwa hiyo toa betri kwanza, nayo ina kilo tatu na nusu. Kwenye vijia vyenye mwinuko wa kusukuma, jifunze kutumia kitufe cha msaada wa kutembea, ambapo mota husogeza baiskeli kwa mwendo wa mtu anayetembea nawe ukiishikilia.

Kuna jambo moja ambalo naliona ni kubwa kuliko mipangilio yote. Vijia vya Usambara, kama vyetu huku, ni njia za watu kwenda shamba na sokoni. Mama aliyebeba kuni kichwani hawezi kugeuka upesi, na mota yako haimpi onyo, kwani unampandia mlimani kwa kasi ambayo hajazoea kwa baiskeli. Piga kengele mapema, shuka hadi ngazi ya Eco, simama ikibidi, na umsalimie. Nimeona njia ikifungwa kwa wote kwa sababu ya waendeshaji wachache waliokosa subira.

Hapo kwenye ununuzi nina wasiwasi ambao kaka wa Stuttgart ameugusa kwa upande mmoja tu. Betri ya mfumo wa zamani ikifa baada ya miaka mitatu, utaipata wapi? Mimi ningeinunua baiskeli hiyo kwa sharti kwamba inakuja na betri ya pili ya mfumo huohuo yenye afya. La sivyo, ningesubiri ya mfumo mpya.

Mwenyeji wa Soni ameandika tena:

Nawashukuru sana, fundi, kaka na dada. Nimeshamwandikia shemeji aitafute ripoti ya uchunguzi na aulize bei ya betri ya pili, na hilo la kuwasalimu watu njiani nitawaeleza hata wageni wangu kabla hatujaondoka. Nina swali moja limebaki: shemeji anakuja likizo mwezi Desemba. Je, anaweza kuja na baiskeli pamoja na betri hizo kama mzigo wake kwenye ndege?

Mpandaji wa Stuttgart amejibu:

Baiskeli bila betri, ndiyo, kwa masharti ya shirika la ndege na gharama ya mzigo mkubwa. Betri, hapana. Ndege za abiria haziruhusu betri ya lithiamu inayozidi wati-saa 160, na hii ni karibu mara nne ya hapo. Asijaribu kuificha kwenye sanduku, kwa kuwa betri ya ukubwa huo ikishika moto ndani ya ndege ni hatari kwa kila aliyemo. Njia yake ni mizigo ya meli, kupitia wakala anayekubali kuitangaza wazi kuwa ni bidhaa hatari, ikiwa imefungwa ipasavyo na chaji ikiwa karibu asilimia 30. Mwambie aanze kuulizia mawakala sasa hivi, kwani wengi hukataa betri zilizokwisha kutumika, na dada wa Ngong yuko sahihi kuhusu ile ya pili: zisafirishwe pamoja mara moja, maana makaratasi ni yaleyale.