Imeli 60 kwa wawekezaji, hata jibu moja sijapata

Wa Kongowea: Jamani, nauzia wavuvi barafu hapa Mombasa, nataka mtaji niongeze mashine, nimewatumia wawekezaji 60 imeli ile ile moja, kimya. Nakosea wapi?

Mama Likoni: Pole mwanangu. Hiyo "ile ile moja" ndo shida yenyewe. Mwekezaji wa programu za simu, barafu ataifanyia nini? Angalia kwanza yeye huweka pesa wapi halafu umuandikie kwa jina lake, mistari mitano sita basi.

Kijana wa Tudor: Na usimwambie asaini mkataba wa kutunza siri zako kabla hujamueleza kitu, wengi hawasaini kabisa. Weka namba, unauza magunia mangapi kwa siku, wavuvi wangapi wanarudi, unataka shilingi ngapi na za nini, na usizidishe maana akivutiwa ataomba stetimenti ya M-Pesa.

Wa Kongowea: Nimeanza na "Mheshimiwa, naomba unisaidie"...

Mama Likoni: Litoe hilo leo leo! Huombi sadaka, unamuuzia hisa. Asipojibu mkumbushe baada ya wiki, sio kila asubuhi.