Naomba ushauri: faili la Revit la wenzangu halifunguki kwangu

Habari zenu wakuu, mi nasoma uhandisi ujenzi mwaka wa 3 hapa Mbeya. Tuna kazi ya grupu, jengo la ghorofa 2 kwa Revit (programu ya kuchora majengo kwa 3D), wenzangu wako na toleo la 2024 ila laptop yangu ina RAM GB 8 tu nimebaki na la 2021, na faili likishaseviwa kwenye toleo jipya, toleo la zamani halilifungui kabisa. Nimewaambia wanitumie kwa IFC (aina ya faili ya kubadilishana kati ya programu tofauti), linafunguka sawa lakini ukigusa ukuta hauhariri vizuri na madirisha mengine hayatokei kwenye jedwali la kuyaorodhesha (AutoCAD, ile programu ya michoro ya kawaida, haikuwahi kunitesa hivi).

Sasa niongeze RAM ifike 16 nihamie 2024, au nibaki na AutoCAD nichore ditelz tu? Na mlioko saiti, BIM (kazi ya modeli za majengo zenye taarifa, kama hizi za Revit) mnaitumia kweli?