Wenye nyumba wa Kampala, acheni kupaka rangi juu ya kunguni!

Wakuu, nimevumilia vya kutosha. Nafungua uzi huu kwa sababu mwenye nyumba hataki kunisikiliza, dalali hapokei simu zangu, na mwenyekiti wa LC1, yaani serikali ya mtaa, kila nikimfuata ananipa tarehe nyingine.

Nimepanga chumba na sebule huku Makindye, nyumba za mstari, ukuta mmoja watu wawili. Kodi ya miezi mitatu nimelipa kwa mkupuo, na dalali akakata ya mwezi mzima kwa kazi ya kunifungulia mlango tu. Rangi ilikuwa bado inanukia. Kwa macho nyumba inapendeza, lakini kunguni wamejaa hadi darini.

Nilipomlalamikia mwenye nyumba, alinijibu uwanjani mbele ya majirani wanafua nguo: "Hao umetoka nao Arua." Arua ndiko nilikohamia kutoka, mji wa kaskazini-magharibi mwa Uganda. Mimi mtu mzima, mama wa watoto, naambiwa hivyo mbele ya watu! Godoro langu nimelinunua jipya na limeingia humo ndani na nailoni yake. Kitanda ni cha chuma, nilikiosha kwa maji ya moto kabla ya kukipakia.

Sasa sikilizeni nilichokikuta. Nilichukua tochi na kadi ngumu ya zamani, nikaanza na fremu ya mlango. Pale mbao inapokutana na plasta, rangi mpya ilikuwa imepasuka ufa mwembamba. Nikapitisha kadi kwenye ule ufa kwenda chini. Kwanza yalidondoka magamba, mepesi, yanaonyesha hadi upande wa pili, rangi ya chai ya rangi iliyopoa. Kisha mayai meupe, kama milimita moja hivi, yamegandishwa kwa mstari kwenye mbao. Kisha wenyewe, bapa, kahawia, wanakimbia mwanga. Na nilipobandua kipande cha rangi, upande wa ndani kulikuwa na magamba mengine yamekaukia humo humo pamoja na madoa yao meusi. Brashi ya mpaka rangi ilipita juu yao. Ufunguo nilipewa rangi ikiwa imeshapakwa, sasa huyo kunguni wa Arua aliingiaje chini yake?

Na yale magamba yana maana. Kunguni mtoto anapita hatua tano kabla hajawa mkubwa, na kila hatua lazima anyonye damu ndipo ajivue gamba. Ukikuta magamba ya kujaza kiganja, ujue hapo kuna watu wameliwa muda mrefu sana. Mpangaji aliyenitangulia alikuwa na watoto. Mwenye nyumba anajua aliondoka kwa nini, maana majirani wote wanajua.

Na hili la uchafu nalikataa kabisa. Kunguni hafuati uchafu, anafuata joto la mwili na pumzi tunayotoa tukilala. Nyumba yenye sakafu inayong'aa itawapata sawasawa na nyingine yoyote, ilimradi kuna mtu amelala. Lakini neno hilo linawasaidia sana wenye nyumba, kwa sababu mtu akiona aibu ananyamaza. Dada wa chumba cha pili amekuja usiku kuniambia taratibu kwamba hata kwake wapo, ila anaogopa kusema asije akafukuzwa. Simlaumu hata kidogo, ana watoto wadogo na hana pa kwenda. Namlaumu anayepokea kodi yake kila mwezi.

Baada ya kelele zangu akaletwa mpulizaji dawa. Kijana amebeba pampu mgongoni, hakuinua godoro, hakufungua kabati, hakuuliza wanajificha wapi. Akapuliza katikati ya sakafu na ukutani kwa juu juu, akaondoka. Chumba cha pili hakikuguswa. Mtoto wangu alikohoa usiku kucha, kunguni wakatulia kidogo, wakarudi. Bila shaka wangerudi! Dawa nyingi haziui mayai, na mayai yanaanguliwa ndani ya wiki moja hadi mbili, kwa hiyo bila kupuliza mara ya pili baada ya hapo umemwaga hela. Halafu kwenye nyumba za mstari wanapita nyufani na kwenye mabomba ya waya za umeme. Ukipuliza chumba kimoja, unawahamishia jirani, kisha wanakurudia. Isitoshe, sehemu nyingi duniani wameshazoea zile dawa za kawaida za jamii ya pairethroidi, zinawapitia tu. Mpulizaji asiyekagua kwanza hajui hata anapuliza nini wapi.

Na wale wanaopita mitaani na spika, wanauza dawa kwenye vichupa visivyo na karatasi ya maelezo, eti umwage kwenye godoro! Godoro analalia mtoto! Usinunue. Wala mafuta ya taa na petroli msijaribu, nyumba inaungua na watu ndani.

Sasa wewe unayetafuta nyumba wiki hii, nakuomba sana usitoe hata shilingi kabla hujakagua. Dalali akikupeleka jioni, mwambie utarudi mchana, na uje na tochi yako. Rangi mpya isikuridhishe, ndiyo ikutie wasiwasi. Angalia fremu za milango na madirisha, nyufa za ukuta, pembe za dari, matundu ya misumari, kabati lililojengewa ukutani hasa nyuma ya droo. Soketi iliyolegea ni maskani yao, ila usiifungue kabla umeme haujazimwa. Ukiona vidoa vyeusi kama vya kalamu, pitisha kitambaa chenye maji; vikisambaa rangi ya kutu, hiyo ni damu iliyokwisha kusagwa tumboni mwao. Wakiwa wengi hata harufu utaisikia, tamu tamu ya uvundo. Na ukiambiwa nyumba ilikaa wazi mwezi mzima kwa hiyo wamekufa, huo ni uongo. Kunguni anakaa miezi bila kula na anakusubiri.

Kwa ambao mmeshahamia, kagua mishono ya godoro, pale chaga zinapokaa, na mkunjo wa chandarua kule juu kinapofungwa. Alama za kuumwa peke yake hazitoshi kuwa ushahidi. Wengine hawavimbi kabisa, wengine wameumwa na viroboto au mbu. Mshike kunguni mwenyewe, umgandishe kwenye selotepu, upige picha na tarehe. Mimi ninazo zote.

Wanaosema kunguni haambukizi ugonjwa kwa hiyo nitulie, waje walale hapa. Watoto wanajikuna hadi vidonda, wanasinzia darasani. Na sheria ya wenye nyumba na wapangaji ya mwaka 2022 inataka nyumba inayopangishwa iwe inafaa kuishi binadamu. Hii haifai.

Ninachodai ni hiki: mstari wote ukaguliwe siku moja, vyumba vyote vipulizwe na mtu anayejua kazi, arudi mara ya pili, na gharama zitoke kwenye kodi tuliyolipa. La sivyo nirudishiwe hela ya miezi iliyobaki nihame.

Aliyewahi kurudishiwa kodi yake Kampala kwa ajili ya jambo hili, atueleze alipita ofisi gani na alienda na ushahidi upi. Na kama kuna mpulizaji anayeinua godoro kabla ya kushika pampu, mniandikie hapa bei yake.